Je, unamjua Jumbe Fatima?

Kuna picha moja ya zamani ambayo wiki hizi naifungua kila mara kwenye kompyuta yangu. Ilipigwa mwaka 1863 na Mfaransa aitwaye Désiré Charnay. Mwanamke kijana kakaa katikati, pembeni yuko na wanawake wake, uso umefunikwa barakoa. Kinachoonekana ni macho tu. Huyo ndiye Jumbe Fatima, malkia wa Mwali. Wakati huo alikuwa hajafikisha hata miaka thelathini, na tayari alikuwa na zaidi ya miaka ishirini kwenye kiti cha enzi.

Najua wengi mtauliza, Mwali ndio wapi? Msione aibu. Mimi mwenyewe nimefundishwa habari za Bismarck na Napoleon mpaka zikanitoka puani, lakini za huyu mama sikuwahi kuzisikia darasani. Mwali ni kisiwa kidogo kuliko vyote vya Komoro, kati ya Ngazija na Nzuani. Wafaransa wanakiita Mohéli. Na ndiyo, ni jina lile lile tunalomwita binti aliyevunja ungo anayesubiri posa. Ukiisoma historia ya kisiwa hiki utadhani waliokipa jina waliona mbali, maana wachumba hawakuwahi kukiacha kipumue.

Baba yake Fatima hakuwa mzaliwa wa hapo. Aliitwa Ramanetaka, jamaa wa Mfalme Radama I wa Madagaska, na alikuwa gavana kule Majunga. Radama alipofariki mwaka 1828 na Ranavalona akashika nchi, ndugu za marehemu walianza kuuawa. Ramanetaka akapanda chombo akakimbilia Komoro, akasilimu, akaitwa Abdurahman, akaishia kuiteka Mwali. Alipokufa mwaka 1842 akamwachia kiti binti yake mwenye umri wa miaka mitano hivi.

Hebu fikiria. Mtoto wa miaka mitano, baba mgeni, kisiwa hakina jeshi la maana, na jirani tu hapo Mayotte Wafaransa wameshanunua kisiwa kizima mwaka 1841. Ufaransa haikupoteza muda. Ikampelekea Fatima mwalimu wa kike, Madame Droit, amfundishe Kifaransa na adabu za Kizungu, na mwaka 1849 akatawazwa rasmi chini ya macho yao. Hesabu ilikuwa rahisi: mlee malkia, utapata kisiwa.

Hesabu ikagoma. Mwaka 1851 Madame Droit aliondolewa kisiwani. Mwaka uliofuata Fatima akaolewa na Said Mohamed bin Nasser, jamaa wa Sultani wa Zanzibar. Hapo Wafaransa wakaanza kulalamika kwamba Zanzibar imewazidi kete, na kweli ilikuwa imewazidi. Lakini Zanzibar nayo haikukifaidi kisiwa kwa muda mrefu, kwani mwaka 1860 bwana huyo alifukuzwa Mwali. Mke akabaki na kiti chake.

Sasa hapa ndipo ninapokorofishana na waandishi wengi wa Kizungu. Wakifika hapa wanaanza kuhesabu wanaume: huyu alikuwa mume, yule hawara, yule mwingine naye sijui nani. Malkia anageuzwa kuwa mwanamke wa moyo mwepesi wa visiwani. Mimi nikisoma habari zile zile naona kitu kingine. Kila mwanaume aliyebisha hodi alikuwa na mtu nyuma yake, na huyo aliye nyuma alikuwa anaitaka ardhi.

Mfano mzuri ni Joseph Lambert. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mfaransa aliyejipenyeza kwa Radama II wa Madagaska akapewa mkataba mnono wa kuchimba na kulima karibu atakavyo. Radama II alipouawa mwaka 1863 mkataba ukafa naye. Lambert akageukia Mwali, na mwaka 1865 Fatima akamkubalia mkataba wa kufanana na ule: ardhi kubwa ya kisiwa, mashamba ya miwa, vyote mikononi mwa mtu mmoja. Kwa maoni yangu hapa malkia aliteleza vibaya, na hakuna haja ya kumtetea. Waliolipa ni watu wake.

Ila aligundua, na alipogundua hakukaa kimya. Mwaka 1867 akaukana mkataba. Jibu lilikuja kwa mizinga: meli ya kivita ya Ufaransa ikaupiga mji wa Fomboni. Fatima akamwachia mwanawe kiti, akakimbilia Zanzibar. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mwaka 1868 akafunga safari hadi Ufaransa kwenyewe, kwenda kumshtaki Lambert kwa Napoleon III. Mwanamke wa Kiislamu wa karne ya kumi na tisa, toka kisiwa ambacho ukikitafuta kwenye ramani ya Afrika lazima uvae miwani!

Mkataba haukufutwa. Lakini hakwenda kuzeeka uhamishoni. Akarudi Mwali, akapatana na Lambert kwa namna yake, akarudi kwenye kiti. Lambert alifariki hapo hapo Mwali mwaka 1873. Fatima akamfuata mwaka 1878, akiwa na miaka arobaini na kidogo.

Aliacha binti mdogo, Salima Machamba, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa. Mwaka 1888, Mwali ikiwa tayari chini ya himaya ya Ufaransa, wakoloni wakamweka Salima kitini akiwa bado kigoli, kisha wakampeleka Réunion kusoma. Huko akampenda askari polisi wa Kifaransa, Camille Paule. Mwaka 1901 akaolewa naye, wakahamia Ufaransa. Mwaka 1912 sheria ya Ufaransa ikaumeza usultani moja kwa moja, naye malkia wa mwisho wa Mwali akaendelea na maisha ya mke wa kawaida huko mashariki mwa Ufaransa. Alifariki mwaka 1964, miaka kumi na mmoja kabla Komoro haijapata uhuru. Ya kwake nitayaandika siku nyingine.