Juu ya Neno "Myahudi" na Chuki Iliyoliandama

Katika Kiswahili chetu jina la Yuda lina mizigo mingi. Yuda ni mwana wa Yakobo, na kabila lake; Yuda ndiye mwenye waraka mfupi katika Agano Jipya; tena Yuda Iskariote ndiye aliyemwuza Bwana wake. Nchi huitwa Uyahudi, na watu wake Wayahudi, neno lililotujia kwa kinywa cha Waarabu. Jirani zetu Waganda husema Abayudaya. Basi si ajabu mtoto wa shule akiyasikia majina haya siku za Juma Kuu akayachanganya, akadhani ya kuwa taifa zima limeitwa kwa jina la msaliti. Kosa hili laonekana dogo. Lakini mafundisho yanayofanana nalo yamemwaga damu nyingi duniani. Kwa hiyo yafaa sisi waalimu wa Bukoba na Muleba tuzijue habari zake, maana zimefika hata kwetu.

Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi. Lakini makanisa ya mataifa yalipokua, wengi walifundisha ya kwamba Wayahudi wote, wa zamani na wa baadaye, wana hatia ya mauti ya Kristo. Mwaka wa 1096 watu waliokuwa wakienda Vita vya Msalaba waliwaua Wayahudi katika miji ya mto Rhine, kabla ya kuiona Yerusalemu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka wa 1215 uliagiza wavae mavazi ya kuwatambulisha. Uingereza iliwafukuza mwaka wa 1290, na Hispania mwaka wa 1492. Tauni ilipoenea Ulaya mwaka wa 1348, walisingiziwa kutia sumu visimani, wakachomwa moto, ijapokuwa nao walikufa kwa tauni ile ile. Wahenga wamesema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nasi twajua jinsi msiba unapoingia kijijini, ajuza mpweke asiye na mtetezi ndiye wa kwanza kuitwa mchawi.

Angalieni na habari za kazi zao. Mahali pengi walikatazwa kumiliki mashamba na kuingia katika vyama vya mafundi. Wakaachiwa biashara na kukopesha fedha. Kisha wakachukiwa kwa kuwa ni wakopeshaji. Ndivyo ilivyo dhuluma: humfungia mtu milango yote ila mmoja, kisha humlaumu kwa kupita katika mmoja ule.

Martin Luther, aliyeandika juu yao kwa upole mwaka wa 1523, aliandika kitabu kingine mwaka wa 1543, akitaka masinagogi yao yachomwe. Baada ya miaka 400 wafuasi wa Hitler waliyatumia maneno hayo kuhalalisha uovu wao. Na hata ilipofika mwaka wa 1945 Wayahudi wapata milioni 6 walikuwa wameuawa.

Katika Afrika ya Mashariki habari zao zina sura nyingine. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi nchi ya Uasin Gishu, iliyo Kenya leo; wao wenyewe wakaikataa mwaka wa 1905. Kisha akaondokea Semei Kakungulu, mzaliwa wa Koki, nchi iliyo karibu na mpaka wetu. Alikuwa jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, akitumaini kupewa ufalme, hakupewa. Akakaa Mbale akiyasoma Maandiko, na mwaka wa 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaishika Torati na Sabato. Wafuasi wake ndio Abayudaya. Yeye alikufa mwaka wa 1928, nao wakaendelea kwa amani, wakilima kama jirani zao.

Hata Idi Amin alipotwaa serikali mwaka wa 1971, amani hiyo ikakoma. Mwaka wa 1972 aliwafukuza Waisraeli, akampelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akisifu mauaji aliyoyafanya Hitler. Akaipiga marufuku dini ya Abayudaya. Wengi wakaiacha, waliobaki walisali kwa siri. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Amin huyo huyo walivuka mpaka wa Mutukula, wakaua, wakapora na kuchoma moto hata ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliopigana upande wao waliuteka Kampala. Uhuru wa ibada ukarudi, na Abayudaya wakatoka mafichoni. Basi mkono uliozichoma nyumba zetu ndio uliokuwa umezifunga sinagogi zao, na siku ya kuokoka kwao ilitoka katika mateso yetu.

Tena wana wa Buhaya walikuwapo makanisa yalipojirudi. Mwaka wa 1959 Papa Yohane wa 23 aliliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno la kuwalaumu Wayahudi. Papa huyo ndiye aliyemfanya Laurean Rugambwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka wa 1960, hali kiti chake kikiwa Rutabo, katika wilaya ya Muleba ya leo. Rugambwa alikuwa mmoja wa Maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotangaza tarehe 28 Oktoba 1965 ya kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala juu ya Wayahudi wa leo. Naye Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani tangu mwaka wa 1977 hata 1984. Mkutano wake mkuu wa Budapest, mwaka ule wa 1984, ulilipokea tamko la kuyakataa maneno makali ya Luther juu ya Wayahudi.

Hata hivyo chuki haikufa. Mwaka wa 2018 watu 11 waliuawa sinagogini huko Pittsburgh, Marekani. Mtu aweza kuhoji vita na siasa za dola yo yote, hata Israeli. Lakini kumchukia mtu kwa sababu ya kuzaliwa kwake ni jambo jingine.

Basi, waalimu wenzangu, tufundishapo Mateso, tuseme wazi: wakuu fulani walimshitaki, Pilato Mrumi alimhukumu, askari Warumi wakamsulibisha, na wanawake waliolia njiani walikuwa Wayahudi, kama mama yake. Tuwaonyeshe watoto ya kuwa Yuda msaliti ni mtu mmoja, bali Yuda kabila ndilo alilozaliwa Bwana wetu. Paulo aliwaonya watu wa mataifa, walio kama tawi lililopandikizwa, wasijivune juu ya shina linalowachukua. Nasi tu tawi.