Tunduma Si ya Kupita Tu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Tunduma, hatakuuliza unakwenda kuona nini. Atakuuliza unavuka lini, au una mzigo gani. Na usimlaumu. Tunduma ambayo wengi tunaifahamu ni foleni ya malori yanayoelekea Zambia na Kongo, vijana wenye mabunda ya kwacha mkononi, bodaboda zinazopenya kati ya matela, na mabasi yanayokushusha kwenye baridi ambayo hukuitegemea. Mwaka 2019 kilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili watu na mizigo wavuke haraka zaidi. Yaani hata sifa mpya ya mji huu ni kwamba siku hizi hukai sana.

Mimi nimefika huko mara kadhaa kikazi, nikifuata habari za mahindi, ushuru na foleni. Kazi ikiisha mapema huwa natembea nje ya mji, na kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyoanza kuona jambo moja. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una vitu vya kale ambavyo nchi nyingi zingejivunia. Tatizo ni kwamba karibu habari zake zote zimeandikwa na wapita njia. Mpima ardhi alipita akaandika. Mmisionari naye, jenerali naye, mhandisi naye. Waliokuwa wamekaa pale siku zote, wao wako wapi katika habari hizo?

Tuanze na jiwe. Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, chini ya kilomita 15 kutoka barabara kuu ya Mbeya na Tunduma. Njia inapita kwenye mashamba ya kahawa na mahindi. Ukifika, unachokikuta ni bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3, limelala juu ya jukwaa la mawe ndani ya shimo. Uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na inayobaki ni nikeli hasa. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Gusa: ni baridi, na ngozi yake ina vishimo kama vya kidole kilichobonyeza ugali. Kwenye ncha moja utaona mahali palipokatwa kwa msumeno ili kipande kikapimwe maabara.

Sasa fungua kitabu chochote cha watalii. Utasoma kwamba kimondo hiki "kiligunduliwa" mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa; ulichimbwa mtaro kukizunguka, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nayo baadaye ikajengewa kuwa jukwaa tunaloliona leo. Mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale. Siku hizi kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyo mamia ya kilomita kaskazini. Hayo yote ni kweli, isipokuwa lile neno moja la kwanza.

Wenyeji walikijua kimondo kabla babu yake Nott hajazaliwa. Vitabu vyenyewe vinakiri hivyo, halafu vinaongeza kwamba walinyamaza kwa sababu kilikuwa mwiko kwao. Inawezekana. Lakini mimi, kama mtu ninayeishi kwa kuuliza maswali, najua kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu nyepesi zaidi: hakuna aliyemuuliza. Hakuna shimo kubwa la mwanguko lililobaki pale, wala simulizi ya siku jiwe liliposhuka na moto, ndiyo maana wataalamu husema lilianguka zamani mno. Kwa hiyo watu wa Mbozi hawakuliona likianguka. Walizaliwa wakalikuta, kama tunavyoikuta milima.

Na watu hao hawakuwa wageni wa chuma. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Walichimba mawe yenye madini, wakayayeyusha kwenye matanuri marefu ya udongo kwa makaa na mivukuto, wakatengeneza majembe, mashoka na mikuki. Miaka ya 1960 bado walikuwepo wazee walioweza kuwaeleza watafiti hatua kwa hatua namna kazi ile ilivyofanywa. Mtu wa namna hiyo, akisimama mbele ya bonge linalolia kama nyundo ukiligonga, anajua amesimama mbele ya nini. Asingeweza kuliyeyusha, maana hakuna tanuri la kumeza tani 16. Ila kulijua alilijua. Nott alichofanya ni kulitangaza, na kutangaza ni kazi ya heshima, ni kazi yangu pia. Tusiibadilishe jina tukaiita ugunduzi.

Ukirudi barabara kuu na kuelekea Tunduma, unaingia kwenye habari nyingine ya wapita njia: mpaka wenyewe. Mwaka 1881 tajiri wa Glasgow aitwaye James Stevenson, wa African Lakes Company, alitoa fedha ichongwe barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mzigo ushushwe Karonga, uvuke nyanda za juu, upakiwe tena kwenye ziwa la pili. Barabara haikumalizika. Sehemu kubwa ilibaki njia ya miguu ya wapagazi. Lakini kwenye ramani za Ulaya ilikuwepo, na hilo lilitosha. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani ziliposaini mkataba wao huko Berlin, uleule uliohusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, Waingereza walihakikisha barabara ya Stevenson inabaki upande wao. Mwaka 1898 wapimaji wa mataifa yote mawili wakaja kuuweka mstari ardhini.

Mstari ule ulipita katikati ya Wanyamwanga. Huku wakawa watu wa Mjerumani, kule wakawa watu wa Mwingereza, kwa sababu ya barabara ambayo haikuwahi kukamilika. Leo ukikaa Tunduma siku mbili tu utaona mpaka ulivyoshindwa kuwatenganisha. Mtu ana duka huku na shangazi kule. Msiba ukitokea Nakonde, watu wa Tunduma wanakwenda kuzika. Salamu ni ileile pande zote mbili. Serikali inaiita hii biashara ya mpakani. Wenyewe wanaiita kwenda nyumbani.

Mpaka huo ndio ulioileta vita. Mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, likikimbizwa na Waingereza, lilipita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba likaishambulia ngome ya Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde ya leo. Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba, yeye akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25. Vitabu vingi vimemsifu jenerali huyo kwa ujanja wake wa kukwepa. Ni vichache vinavyokaa kidogo na wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, au na wanakijiji ambao ghala zao za chakula zilikuwa ndiyo jiko la majeshi yanayopita.

Halafu likaja lile ambalo wazazi wetu walilishuhudia. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ikajikuta shaba yake haina njia salama ya kwenda baharini. Macho yote yakageukia huku. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968. Ujenzi wa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Vyote viwili, pamoja na barabara ya lami, vilielekezwa kuvuka sehemu hizi. Ni historia ya heshima, na Songwe ina haki ya kujivunia. Ila angalia tena: hata hapa mkoa unaingia kwenye kumbukumbu kwa sababu ya kitu kinachopita.

Kuna wapita njia wengine, hata hivyo, walioacha alama ya namna tofauti. Kaskazini mwa mkoa, kuteremka kuelekea Galula na Ziwa Rukwa, joto linapanda na udongo unakuwa mwekundu. Katika miamba ya bonde hilo watafiti wa Kitanzania na wa kigeni wamefukua mifupa ya wanyama walioishi takriban miaka milioni 100 iliyopita. Sikiliza majina waliyowapa. Mwaka 2010: Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo mwenye meno yanayofanana na ya mnyama kama paka, aliyepewa jina pia la Saidi Kapilima, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2017: Shingopana songwensis, dinosaria mwenye shingo pana, wa Songwe. Mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Huyu hahitaji mkalimani. Ni mnyama wa Mtuka, mto ambako alifukuliwa, na mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo.

Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi. Profesa yeyote duniani, awe Tokyo au Buenos Aires, akitaka kumtaja mnyama huyo lazima aseme "moyo wa mkia" kwa Kiswahili. Mto mdogo wa Songwe ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia umeingia kwenye sayansi kwa jina lake mwenyewe. Inawezekana, basi, kupita mahali na kuondoka bila kufuta jina la mwenyeji.

Na inawezekana kuandika maisha ya mwenyeji. Wapenzi wa vitabu watafuteni kitabu cha mwanahistoria Marcia Wright kiitwacho Strategies of Slaves and Women, cha mwaka 1993. Ndani yake kuna masimulizi ya watu wa ukanda huu waliopitia nyakati za biashara ya watumwa, akiwemo Msatulwa Mwachitete wa Unyiha. Tunamjua leo kwa sababu kuna mtu alikaa akamsikiliza hadi mwisho, akaandika.

Kwa anayetaka kwenda: usichanganyikiwe na majina. Uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, na mito iitwayo Songwe ni miwili; mmoja unamwaga Rukwa, mwingine unachora mpaka na Malawi hadi Ziwa Nyasa. Ukitoka Mbeya kwa basi, waambie mapema kwamba unakwenda kimondoni wakushushe njia panda, kisha chukua bodaboda. Beba sweta.

Na kwa wasomaji mliozaliwa Vwawa, Mlowo, Ileje au Kamsamba, nina ombi. "Kimondo" ni neno la Kiswahili. Mimi nataka kujua bibi zenu waliliitaje lile jiwe kwa lugha ya nyumbani, walikatazwa nini mbele yake, na nani aliwakataza. Wazee wa matanuri ya chuma wameshaondoka. Waliobaki ni wale waliosikia habari kwao wakiwa watoto, nao ni wazee sasa. Likizo ijayo mkienda kusalimia, washeni simu mrekodi.