Fokasi Tuli

Kamera ya fokasi tuli ni ile ambayo lenzi yake imelengwa kiwandani na kufungwa hapo hapo. Haina pete ya kuzungusha wala mota ya kuisogeza lenzi mbele na nyuma. Unachungulia, unabonyeza, kisha kwa kidole gumba unakizungusha kigurudumu cha filamu hadi kigome.

Neno tuli tunalo tayari katika umeme tuli, na linatosha hapa. "Fokasi thabiti" siiafiki: thabiti ni sifa njema, na lenzi hii haikufungwa kwa ubora bali kwa urahisi wa bei. Kuiita kamera otomatiki ndiko kunakopotosha zaidi, maana fokasi otomatiki huutafuta umbali, na hii haitafuti kitu.

Inapataje basi picha safi? Kwa udogo wa tundu la lenzi. Tundu likiwa dogo, eneo linaloonekana bila ukungu hurefuka. Lenzi ya milimita 35 yenye tundu la f/8, ikilengwa mita 5 hivi, huonesha vizuri kuanzia takriban mita 2.5 hadi upeo wa macho.

Mipaka yake utaiona Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukiwa Forodhani mchana, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, litatoka safi. Ingia kichochoroni uupige mlango wa nakshi: mgongo umeshagota ukuta wa pili, na mlango uko mita moja na nusu tu mbele yako. Maua na minyororo iliyochongwa kwenye fremu itatoka na ukungu, hata taa ya kamera ikiwaka.

Taa yenyewe ipo kwa sababu tundu dogo lina njaa ya mwanga. Konica C35 EF ya 1975 ni mojawapo ya kamera ndogo za mwanzo za filamu ya milimita 35 kuwa na taa hiyo mwilini, ingawa lenzi yake ilikuwa ya kulengwa. Wengi tunasema flashi, lakini siku hizi flashi ni pia kile kifaa cha kuhifadhia mafaili. Napendekeza mmweko, kutokana na kumweka, kama umeme wa mvua unavyomweka. Mmweko wa kamera hizi hufika mita chache tu: usiku Forodhani muuza pweza atang'aa, na bahari nyuma yake itakuwa giza tupu.

Kamera hizi tusizidharau. Capital Art Studio, studio ya picha ya Ranchhod Oza hapo Mji Mkongwe, iliyofunguliwa 1930, ilikuwa na watu waliojua kulenga. Lakini kwenye shughuli za wanawake, ambako mpiga picha wa kiume haingii, bibi harusi na shoga zake walipigwa na mmoja wao, asiyehitaji kujua pete wala tundu, ilimradi arudi nyuma hatua tatu.

Kwa hiyo kamusi ikiliingiza neno fokasi tuli, maelezo yasiishie kwenye "isiyobadilika". Yataje na umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaukubali, kwani huo ndio mtumiaji anaopaswa kuujua kabla ya kubonyeza.