Uzee Usiotarajiwa

Wazee wetu waliposema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, waliutazama umri kuwa tuzo: mtu huishi, huona, kisha huketi barazani akawasimulia wajukuu. Hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba yatatokea maradhi ambayo kwa muda wa miaka ishirini yatalifuta neno uzee katika matumaini ya kila aliyepatwa nayo, kisha neno hilo lirudi likiwa na maana ngeni kidogo. Habari hii ni sehemu ya historia yetu, ingawa masimulizi yetu ya UKIMWI aghalabu huwahusu vijana, kana kwamba waliougua zamani walikufa wote.

Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983. Mkoa ule ulikuwa haujapona majeraha ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na kwa kuwa bidhaa zilikuwa haba madukani, magendo ya mpakani yalishamiri. Miongoni mwa vitu vilivyovushwa kutoka Uganda ilikuwa nguo iliyoitwa Juliana, na watu wa Kagera wakayapa maradhi mapya jina hilo hilo la nguo. Ng'ambo ya mpaka Waganda waliyaita Slim, kwa jinsi yalivyomkondesha mtu. Ilipofika mwaka 1986, kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umetoa taarifa ya wagonjwa.

Sisi tuliokuwa wanafunzi katika miaka ile tunakumbuka jinsi lugha yetu ilivyohangaika. Wataalamu walitupa jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, jina zuri lenye kueleza. Mitaani, hata hivyo, watu walijitungia yao. Herufi za jina la Kiingereza zilifumbuliwa kwa mzaha kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Ikasemwa kwamba fulani amekanyaga waya, au ana ngoma, au, kwa ukatili zaidi, kwamba ni marehemu mtarajiwa. Ukiyapanga majina hayo yote utaona kwamba ni ya ujana au ya kifo. Halikuwapo hata moja la mtu mwenye maradhi haya ambaye angeota mvi. Lugha haikulitunga kwa sababu macho hayakuwa yamemwona mtu huyo.

Mwaka 1996 matibabu ya kuchanganya dawa tatu yalianza kuwarudishia watu uhai katika nchi tajiri. Kwetu sisi bei yake ilikuwa kama bei ya nyota. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999, na Tume ya kuudhibiti ikaundwa mwaka 2001; lakini dawa zenyewe zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004. Kati ya 1996 na 2004 ni miaka minane. Yafaa wanafunzi waihesabu miaka hiyo kwa vidole, kwani kila mmoja ulikuwa na makaburi yake.

Dawa za mwanzo hazikuwa za upole. Mojawapo, stavudini, ilikausha mafuta ya mashavu, mikono na miguu, ikaacha ganzi na maumivu ya nyayo. Hivyo mtu alipona, lakini uso wake ukamtangaza kwa majirani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake, na virusi vikifubazwa hata visionekane katika vipimo, mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa kweli hili ni badiliko kubwa mno, nasi twastaajabu kwamba halijasikika mitaani kama mzaha wa herufi ulivyosikika.

Basi tufanye hesabu nyepesi. Aliyeambukizwa mwaka 1998 akiwa na miaka 30, akawahi dawa, sasa anakaribia miaka 60, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huutaja kuwa mwanzo wa uzee. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa virusi hivi wa mwaka 2003 na 2004 uliwapima watu wa miaka 15 hadi 49 tu, na chunguzi mbili zilizofuata zikafanya vivyo hivyo. Waliokwisha kutimiza miaka 50 walianza kupimwa katika uchunguzi wa 2016 na 2017. Sisi tuliokwisha kukaa sana ofisini twajua kwamba asiyekuwa na safu katika jedwali hatengewi fungu katika bajeti.

Na mzee huyo ana mahitaji ya pekee. Virusi, hata vikiwa vimefubazwa, huuacha mwili katika hali ya uvimbe wa ndani kwa ndani, hivyo maradhi ya moyo, figo na mifupa humjia mapema zaidi kuliko wenzake. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha siku hizi, huongeza kiasi cha metfomini, dawa ya kisukari, katika damu. Yampasa daktari wa kisukari ajue mgonjwa wake anameza nini. Hapo ndipo siri inapodhuru, na ndipo methali ya mficha maradhi inapopata maana ambayo watungaji wake hawakuikusudia.

Kuna bibi mmoja tunayemfahamu, aliyezika watoto wawili katika miaka ile ya ukame wa dawa, akalea wajukuu watano. Yeye mwenyewe yumo katika dawa tangu mwaka 2006. Kwa miaka mingi aliwaambia wajukuu kwamba ni vidonge vya shinikizo la damu. Sasa shinikizo limekuja kweli, na vidonge vimekuwa vya aina mbili. Mjukuu wa kike, aliye kidato cha tatu, alisoma jina kwenye kichupa, asiseme neno. Tangu siku hiyo, taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, binti huleta maji na kichupa, akamwekea bibi mkekani, kisha akaendelea na hesabu zake.