Mtani wa Nyumbani: Kicheko cha Mufwankolo na Faraja ya Watu wa Lubumbashi

Historia ya Katanga ya miaka ya 1970 hadi 1990 huandikwa kwa kawaida kwa hesabu ya tani za shaba, vita na sarafu. Makala haya yanashika njia nyingine. Tunauliza ni kitu gani kilichowafanya watu wa Lubumbashi, wakati mshahara ulipokuwa hautoshi tena kununua unga wa mwezi, waketi pamoja jioni mbele ya televisheni na kucheka vituko vya mzee mmoja aliyeitwa Mufwankolo. Swali hili laweza kuonekana jepesi. Sisi tunaliona kuwa zito, kwa maana kicheko kile kilihusu unga uleule.

Mufwankolo ni jina la jukwaani la Kyembe Kaswili, na kundi lake lilijulikana kwa jina hilohilo. Mizizi ya kazi yake hufikia miaka ya mwisho ya ukoloni, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Kundi lilisikika redioni kwanza, kisha likaonekana kwenye televisheni. Visa vyake vingi vilikuwa vya nyumbani: pesa, pombe, ndoa, wakwe, watoto wasiosikia, majirani wenye masikio marefu. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha maandishi ya baadhi ya michezo hiyo huko Vienna mwaka 1981. Johannes Fabian, aliyefundisha katika Chuo Kikuu chetu kuanzia 1972 hadi 1974, alirudi Lubumbashi mwaka 1986 akafuatana na kundi hilo katika mazoezi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Mwaka 2014 Maëline Le Lay naye alitoa kitabu juu ya michezo ya kuigiza ya Katanga na lugha zake. Basi si jambo lililosahauliwa na wataalamu. Hata hivyo, wao waliangalia zaidi mamlaka, lugha na mafundisho. Sisi tunaangalia faraja.

Yafaa tukumbuke dhiki yenyewe. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwazoeza wafanyakazi wake nyumba, hospitali, shule na posho. Mambo hayo yalirithiwa na Gécamines baada ya mali ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967. Katika kambi watu walisema kwamba kampuni njo baba. Lakini kuanzia 1974 bei ya shaba ilianguka. Vita vikaja mwaka 1977, vikarudi mwaka 1978 katika Kolwezi. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na 10 hazina tena thamani, na aliyekuwa ameficha akiba chini ya godoro aliamka na karatasi tupu. Septemba 1983 thamani ya zaïre ilishushwa tena, safari hii kwa zaidi ya robo tatu. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao, ameonyesha vizuri matokeo ya mambo hayo ndani ya familia: mume aliyekuwa akileta kila kitu alikaa sasa akingoja mke arudi sokoni, na watoto wakajua kwamba chakula cha jioni hakikutoka mfukoni mwa baba. Aibu hiyo haikutajwa. Baba alibaki kuwa baba kwa jina, na watu wa nyumbani walimheshimu kwa kunyamaza.

Hapo ndipo tunapomwona Mufwankolo akifanya kazi yake. Ili kuieleza, tunaona afadhali tuazime mfano kutoka desturi zetu wenyewe. Audrey Richards alieleza mwaka 1937 jinsi koo za Wabemba zinavyopangwa mbili mbili, kila moja ikiwa banungwe wa nyingine, zikitaniana na kuzikana. J. Clyde Mitchell, katika utafiti wake wa mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela kule Luanshya, ng'ambo ya mpaka, alionyesha jinsi utani wa namna hiyo ulivyoenea kati ya makabila ya mji wa migodi. Mtani huja kwenye kilio, hukaa karibu na wafiwa, kisha husema maneno ambayo mtu mwingine akiyasema angepigwa. Wafiwa hucheka huku machozi hayajakauka. Mtani hafichi msiba. Anautaja waziwazi, naye ana ruhusa ya kufanya hivyo, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Mufwankolo alikuwa mtani wa nyumba nzima ya Lubumbashi. Mzee yule alipogombana na mkewe juu ya pesa, baba aliyekuwa akitazama alicheka mbele ya watoto wake jambo ambalo asingeweza kulisema mbele yao. Mke naye alicheka, na pengine kwa sauti zaidi. Mchezo ulipokwisha, bukari ilikuwa kidogo vilevile, lakini jambo lilikuwa limetamkwa na nyumba haikuvunjika. Tena watu hawakutazama peke yao. Televisheni zilikuwa chache, na mwenye nayo alijikuta ana wageni hadi mlangoni. Aliyedhani kwamba taabu ile ni yake tu, kwa sababu ya uvivu wake au uchawi wa jirani, alimsikia jirani huyohuyo akicheka penye neno lilelile.

Lugha ilikuwa na sehemu kubwa katika hayo. Habari za taifa zilifunguliwa kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni, kisha Kifaransa kikafuata, pamoja na nyimbo za chama kutoka Kinshasa. Mufwankolo alisema kama watu wasemavyo barazani: bantu, si watu, bukubwa, si ukubwa, anasemaka, kwa ile -ka ya mwisho inayoonyesha mazoea. Kundi halikufuata maandishi. Wachezaji walipatana juu ya kisa na mgawanyo wa nafasi, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo, na kwa hiyo walichokisema hakikupita kwanza kwenye kalamu ya mwalimu. Walimu wa Kiswahili sanifu hawakupendezwa siku zote na jambo hili, na katika idara zetu bado wapo wanaokunja uso. Tunawauliza tu kwa heshima: ni nani anayefarijiwa kwa sarufi?

Lakini tusimsifu mtani kupita kiasi. Michezo ile ilipita katika chombo cha serikali, na mwisho wake mara nyingi ulikuwa fundisho lililosemwa wazi: heshimu wakubwa, acha pombe, tunza mshahara. Maskini aliambiwa ajirekebishe. Aliyefuta noti zake usiku mmoja hakuambiwa neno. Mwaka 1986 tu, katika mchezo ambao Fabian aliufuatilia, kundi lilikaribia mahali pa hatari. Mchezo ulizaliwa katika methali ambayo Fabian aliisikia mezani kwa Kifaransa, firigisi ya kuku ilipoletwa: mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Mufwankolo aliigiza mtemi wa kijiji, na mchezo ulipigwa picha katika kijiji cha Kawama, karibu na mji. Mobutu alikuwa madarakani tangu 1965. Hakutajwa jina, wala haikuhitajika. Wachezaji wenyewe, katika mazoezi, walibishana juu ya maana ya methali hiyo, na ubishi wao unaonyesha kwamba walijua vema walikuwa wanashika nini mkononi.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na hapa mpaka wa faraja ile unaonekana. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba mwaka 1986, ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1994. Mei 1990 damu ilimwagika katika mabweni ya Chuo Kikuu chetu. Oktoba 1991 mji uliporwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na kwingineko, wengi wao wakiwa wamezaliwa kambini, wakangoja treni majuma na miezi kwenye stesheni, na wengine wakazikwa palepale. Hao walikuwa wametazama michezo ileile, wameketi kwenye sakafu ileile. Utani wahitaji kwamba pande zote mbili zikubali kuishi pamoja. Siku upande mmoja ulipoambiwa uondoke, maneno ya mzaha juu ya chakula na matamshi ya mwenzako yaligeuka kuwa matusi, wakati mwingine bila kubadili hata silabi moja. Kicheko cha televisheni kiliwasaidia watu kuvumilia njaa. Hakikuwa na nguvu yoyote stesheni.

Jambo hili ladai utafiti mwingine, nao hauwezi kungoja. Maandishi ya 1981 na ya 1990 yametuhifadhia maneno ya wachezaji, watazamaji hawamo. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, umeonyesha jinsi ya kuwahoji wazee juu ya nyumba zao, vitu vyao na kazi zao. Mwanafunzi anayetafuta mada aende kambini na daftari, aulize televisheni ilikuwa ya nani, nani alikaa kwenye kiti na nani chini, mama alicheka wapi, baba alinyamaza wapi. Aulize pia ni nani kati ya waliokuwa chumbani alipanda treni mwaka 1993, na kama aliwahi kuandika barua.