Kumbukumbu ya kompyuta kuu na utabiri wa dhoruba za Ziwa Victoria

WAVUVI wa omena katika fuo za Dunga, Usenge na Mbita huingia ziwani usiku na taa zao, saa zile zile ambazo dhoruba za Ziwa Victoria huwa kali zaidi.

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye vuguvugu na kuzaa mawingu ya radi. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa zima.

Kutabiri dhoruba hizo ni kazi ya kompyuta kuu, yaani mitambo inayounganisha maelfu ya vichakataji. Katika mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilitumia hesabu za kompyuta kuu ya Met Office ya Uingereza. Anga iligawanywa katika miraba yenye upana wa takriban kilomita nne.

Upana huo ukipunguzwa hadi kilomita mbili, idadi ya miraba huongezeka mara nne. Kwa kuwa hesabu hulazimika kupigwa kwa hatua fupi zaidi za muda, kazi nzima huongezeka takriban mara nane. Kila mraba una joto, unyevu, shinikizo la hewa na upepo wake, na takwimu hizo zote lazima zikae katika kumbukumbu ya kompyuta kazi inapoendelea.

Hapo ndipo penye kikwazo. Kumbukumbu ya kawaida, iitwayo DRAM, ni ya kasi lakini ni ghali, hutumia umeme muda wote, na hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Yeyote aliyepoteza barua ambayo hakuwa ameihifadhi stima ilipopotea analielewa jambo hili. Hifadhi isiyofutika, kama flashi iliyomo katika simu ya mkononi, hutunza data bila umeme, na kila gigabaiti yake ni nafuu zaidi.

Wataalamu basi huiweka hifadhi hiyo karibu na vichakataji ili iwe mwendelezo wa kumbukumbu. Data inayotumika kila wakati hubaki katika DRAM. Isiyohitajika kwa sasa husogezwa kwenye flashi na kurejeshwa kabla ya zamu yake kufika. Kompyuta kuu ya Gordon mjini San Diego, Marekani, ilianza kazi 2012 ikiwa na terabaiti 300 za flashi.

Hata hivyo, kila nafuu ina gharama yake. DRAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, ilhali flashi huchukua muda unaokaribia mara elfu moja ya huo. Programu isiyojua mapema itahitaji nini huishia kungoja. Aidha, flashi huchakaa kadiri inavyoandikwa upya.

Ili kuziba pengo hilo, kampuni ya Intel ilileta sokoni mwaka 2019 kumbukumbu ya Optane, iliyo polepole kuliko DRAM lakini ya kasi kuliko flashi. Mradi wa Ulaya wa NEXTGenIO, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, uliijaribu pamoja na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF. Mwaka 2022 Intel ilitangaza kuachana na Optane. Sasa matumaini yapo kwa flashi zenye kasi zaidi na kiungo cha CXL, kinachomwezesha kichakataji kutumia kumbukumbu iliyo nje ya ubao wake.

Kuna faida nyingine. Hali ya hesabu ikihifadhiwa kila baada ya muda katika hifadhi isiyofutika, mtambo ukikwama kazi huendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Kwa mvuvi wa Dunga, saa zinazookolewa hivyo si jambo dogo. Utabiri unaofika baada ya mashua kung'oa nanga haumsaidii, hata uwe sahihi namna gani.