Debe Tupu Lililotoa Nuru: Habari za Koroboi

Leo nitazungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wamekisomea na wachache wamekishukuru: koroboi, ambayo pengine huitwa kibatari.

Zamani za mababu, hapa Zagayu na katika Usukuma wote, nuru ya usiku ilikuwa moto wa kuni. Jioni wanaume na vijana walikusanyika penye shikome, wakaota moto, na wazee wakafundisha habari za ukoo, za ng'ombe na za adabu. Watu wa pwani walitia utambi katika mafuta ya ufuta au ya nazi. Lakini moto wa kuni hauchukuliki chumba hata chumba, wala haufai sana kusomea.

Mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa Titusville, katika nchi ya Marekani, na baadaye mafuta ya taa yakaenea duniani kote. Yaliletwa kwa meli katika mabati ya pembe nne, mawili katika sanduku moja la mbao, kila bati likichukua lita 18 hivi. Bati hilo ndilo tuliitalo debe. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa zikaweza kuvuka ziwa mpaka Mwanza. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Kilimo cha pamba kilipozidi, wakulima wakapata fedha kidogo za kununulia mafuta.

Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilitekea maji, likapimia mtama, au likakunjuliwa likawa mlango. Vipande vilivyosalia, pamoja na makopo matupu, vikaenda kwa fundi bati. Yeye alitoboa kifuniko cha kopo tundu moja, akavingirisha kipande cha bati kuwa mrija mwembamba, akaupitisha tunduni na kuulehemu. Ndani ya mrija akatia utambi wa pamba au wa kitambaa kikuukuu. Mafuta hupanda utambini yenyewe, kama maji yapandavyo katika nguo iliyochovya ncha. Kandili yenye kioo ilikuwa ya mwenye fedha. Koroboi ilikuwa ya kila mtu. Penye koroboi mtoto alijifunza kusoma, mama alimpokea mzazi mwenzake uchungu ulipomshika usiku, na nyumba ilikesha usiku wa kuamkia sikukuu.

Walakini tusiisifu kupita kiasi. Moshi wake uliwasha macho na kuingia kifuani. Ilipoanguka, nyumba ya nyasi iliteketea. Na mafuta yaliyochanganywa na petroli yamelipuka na kuua watu. Kwa hiyo si hasara kwamba nyumba nyingi zimeiacha, baada ya kupata taa za nguvu ya jua, au umeme uliopelekwa vijijini na Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Methali yasema, debe tupu haliachi kuvuma. Lakini debe tupu la mafundi wetu lilinyamaza, likatoa nuru. Basi aliye na koroboi ya zamani asiitupe. Aifute masizi, aiweke mahali pa salama, na amweleze mjukuu wake jinsi ilivyotengenezwa na ni nani waliosoma mbele yake.